Stendi za ndege tuzitengeneze wenyewe

Walimu wenzangu wakipita kwenye chumba tunachochezea jioni huuliza swali lile lile: hizi stendi zinazoshikilia ndege za mfano juu ya meza mmeziagiza wapi? Tumezoea kwamba kifaa kizuri darasani lazima kiwe kimetoka dukani, na kikiwa kigeni machoni petu basi kimetoka ng'ambo. Hizi zimetokana na spoki za baiskeli, antena za redio mbovu na saruji aliyobakiza jirani yangu alipopiga sakafu ya ukumbi wake. Wengi husikia hivyo wakanionea huruma, wakadhani ni shida ya fedha. Mimi nasema hata mtu akituletea fedha kesho asubuhi, stendi tungeendelea kuzitengeneza kwa mikono yetu, na ningependa walimu na wazazi wanaosoma safu hii wanielewe kwa nini.

Nafundisha fizikia katika shule moja ya sekondari wilayani Kibiti. Baada ya vipindi nasimamia kundi la wanafunzi wanaocheza mchezo wa vita wa mezani: ramani kubwa, meli na ndege ndogo za mfano, rula, dadu na kanuni zilizoandikwa. Mchezo wetu unahusu jambo lililotokea hapa hapa kwetu, kwenye delta ya Rufiji, Julai 1915. Mito na vijito vya kwenye ramani vilichorwa na wanafunzi wanaotoka Salale na Mbwera, ambao wanajua maji yanapojaa na yanapokupwa kuliko ramani yoyote niliyowahi kuiona.

Kisa chenyewe ni hiki. Septemba 1914 manowari ya Wajerumani iliyoitwa Königsberg iliishambulia na kuizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, katika bandari ya Zanzibar. Baadaye ikaingia kwenye delta na kujificha nyuma ya mikoko. Ilikuwa na urefu wa mita 115 na mizinga 10 ya sentimita 10.5. Manowari kubwa za Waingereza zilibaki baharini kwa sababu mito yetu haina kina cha kuzibeba. Ikabidi waziite Severn na Mersey, manowari mbili zilizojengwa awali kwa ajili ya mito ya Brazil, zinazoelea kwenye maji yasiyofika hata mita 2. Wakaleta na ndege, zikaruka kutoka kisiwa cha Mafia.

Tarehe 6 Julai 1915 Severn na Mersey ziliingia kwa mlango wa Kikunja, zikatia nanga takriban kilomita 10 kutoka ilipo Königsberg, zikapiga zaidi ya makombora 600. Yaliyopata shabaha yalikuwa machache mno. Mersey yenyewe ikapigwa na watu wake wakafa. Manowari zote mbili zilikuwa zinapiga kwa wakati mmoja, na aliyekuwa angani hakuweza kujua kombora lililotua kwenye tope ni la nani, amwambie nani asogeze mzinga wake. Waliporudi tarehe 11 walipiga kwa zamu. Angani walikuwapo rubani John Cull na mwangalizi wake Harwood Arnold, ndani ya ndege aina ya Henri Farman. Ndege ikapigwa na injini ikaharibika. Arnold aliendelea kutuma masahihisho kwa simu ya upepo huku ndege ikishuka, mpaka wakaanguka mtoni karibu na Mersey, wakaokolewa wote wawili. Siku hiyo hiyo Königsberg iliwaka moto, na nahodha wake Max Looff akaamuru ilipuliwe na watu wake wenyewe.

Sasa mweleze mwanafunzi wa kidato cha pili kisa hiki kwa chaki na ubao. Ataandika tarehe, atakariri majina, na mwisho atabaki na swali ambalo mmoja wao aliniuliza waziwazi: "Mwalimu, kama meli ilikuwa nyuma ya mikoko, hao wa Severn waliionaje?" Hawakuiona kabisa. Aliyeiona ni mtu aliyekuwa juu. Jambo lote la siku zile mbili linaning'inia kwenye neno hilo, juu, na ndege ikilazwa juu ya ramani pamoja na meli, neno hilo linapotea. Inakuwa meli nyingine tu, yenye mbio zaidi.

Hapo ndipo stendi inapoanza kazi. Kwenye meza yetu sentimita 1 ni mita 50. Kilomita 10 zinakuwa mita 2, ambazo zinaenea kwenye meza nne za darasani zikiunganishwa. Königsberg inakuwa kipande cha kijiti chenye urefu wa sentimita 2 na ushee. Mikoko yenye urefu wa mita 20 inakuwa ukuta wa kadibodi wa milimita 4. Na mita 1,000 za angani zinakuwa sentimita 20 za stendi. Ndege yenyewe kwa kipimo hicho ingekuwa kama milimita 3, isingeonekana, kwa hiyo tumeikuza ikawa na mabawa ya sentimita 11 hivi. Ndege, basi, ni alama tu. Kinachosema kweli ni ncha ya stendi, maana hapo ndipo mwangalizi alipo. Mwanafunzi anafunga uzi kwenye ncha hiyo, anauvuta mpaka kwenye Königsberg, na uzi unapita juu ya kadibodi bila kugusa. Anauvuta tena kutoka sitaha ya Severn, na uzi unakwama kwenye mikoko. Sijapata kuona somo la mstari wa kuona likieleweka haraka namna ile, wala kisa cha vita kikishika kichwani kama baada ya uzi ule.

Stendi nyingi za dukani zina urefu mmoja, vijiti vifupi vya plastiki angavu vyenye kitako chembamba. Ziko na zile zinazopandishwa. Mchezo wa Wings of Glory, uliobuniwa na Waitaliano Andrea Angiolino na Pier Giorgio Paglia, una vijiti vinavyopachikwa kimoja juu ya kingine kuonyesha ndege imepanda ngazi ngapi, na kwa ndege zinazofukuzana zenyewe kwa zenyewe hilo linatosha kabisa. Kwetu haitoshi. Sisi tunahitaji kimo kinacholingana na ramani tuliyoichora, na hakuna kiwanda duniani kitakachotutengenezea stendi kwa kipimo cha ramani ya watoto wa Salale. Kwa hiyo tunatengeneza.

Naanza na spoki. Gurudumu la inchi 28, lile la baiskeli kubwa nyeusi tunazozijua, lina spoki za kama sentimita 30. Zikipinda au kukatika kichwa fundi hana kazi nazo tena. Wa hapa kwetu ameshajua, nikipita anasema, "Mwalimu, zako ziko kwenye ndoo." Spoki ina hesi upande mmoja na kichwa chake kidogo cha kukazia. Tunachukua kichwa hicho pia, tunakipaka mafuta kidogo kwenye hesi, tunakikaza kwenye spoki, halafu tunakisimamisha katikati ya kifuniko cha kopo la mafuta ya kujipaka, chenye upana wa sentimita 6. Tunamimina saruji sehemu moja kwa mchanga laini sehemu mbili, unene wa sentimita 1. Spoki inashikiliwa wima kwa vibanio vya nguo mpaka saruji ishike. Watu wengi huharibu hapa kwa kuanika juani ili ikauke upesi. Saruji inataka maji ili ikomae. Ifunikwe kwa kitambaa kibichi siku mbili, ndipo itakuwa ngumu bila nyufa. Mwishoni tunabandika chini yake kipande cha kandambili chakavu, isikwaruze meza wala kuteleza.

Kwa sababu kichwa cha kukazia kimebaki ndani ya saruji, spoki inafunguliwa na kufungwa. Kitako kimoja kinabeba spoki ya sentimita 10, 20 au 30, yaani mita 500, 1,000 au 1,500. Baada ya mchezo vitako vinaingia kwenye boksi moja, spoki zinafungwa kwa mpira wa pesa, na mwanafunzi anaondoka navyo kwapani. Stendi ya plastiki ikivunjika shina, na huvunjika, umepata hasara. Spoki ikipinda unainyoosha.

Juu ya spoki tunabandika gololi ya gurudumu la nyuma kwa gundi ya mirija miwili, baada ya kuvisugua vyote kwa msasa. Hapa sina msamaha kwa mwalimu yeyote: waya uliosimama wima mezani uko sawasawa na jicho la mtoto anayeinama kupima kwa rula. Ncha isiachwe wazi. Gololi inaondoa hatari hiyo na inafanya kazi ya pili. Ndani ya earphone zilizokufa mna sumaku ndogo ya duara. Ukiibandika chini ya tumbo la ndege, inashika juu ya gololi na kuiruhusu ndege kuinama upande, kunyanyua pua, kugeuka, ikabaki ulivyoiacha. Sumaku hizo zihesabiwe kabla na baada ya kazi, zisiachwe karibu na wadogo wanaotia kila kitu mdomoni, kwa maana mbili zikimezwa zinaweza kubana utumbo na kuutoboa.

Antena nazo zina hadithi yake kwangu, kwa kuwa marehemu baba alikuwa fundi redio Ikwiriri. Kibanda chake kilikuwa na boksi la antena za kuvuta, zilizong'olewa kwenye redio ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Nilikua nikizifungua na kuzifunga. Antena ya namna hiyo ndiyo stendi bora kwa ndege inayopanda na kushuka katikati ya mchezo: unaivuta mpaka kimo unachotaka, kitako chake kina bawaba na tundu la skrubu, unaikaza kwenye kipande cha mninga na kazi imeisha. Ikilegea kwa uzee na kujishusha yenyewe, unaibana kidogo kwa koleo pale bomba moja linapoingia kwenye jingine. Wachezaji wa Ulaya na Marekani nao hutumia antena za redio kwa kazi hii hii, huku maduka yao yamejaa stendi za plastiki. Hilo lilinifurahisha nilipolijua, kwani lilionyesha kwamba mtu anayeupenda mchezo anafika kwenye antena kwa kufikiri.

Sasa niwape hesabu, maana ndiyo inayonifanya nisitake kifaa kilicho tayari. Chukua kitako cha gramu 60 chenye nusu kipenyo cha sentimita 3, spoki ya sentimita 30 yenye gramu 7, na ndege ya gramu 10 juu yake. Kitovu cha uzito kinakaa kati ya sentimita 5 na 6 kutoka mezani, na stendi itaanguka ikiinamishwa kupita digrii 28 hivi. Badilisha ndege tu, weka ya gramu 40, kama zile za chuma zinazouzwa. Kitovu kinapanda hadi sentimita 12 na nusu, na digrii 13 zinatosha kuiangusha. Kiwiko cha mtoto kinamaliza kazi. Wanafunzi wangu walikokotoa haya kwanza, kisha wakaziinamisha stendi kwenye ubao wenye kipimapembe kuona kama hesabu inasema kweli. Ndiyo maana ndege zetu ni za kadibodi nyembamba ya boksi la dawa ya meno, na fremu ya mkia wa Farman ni njiti za makuti. Hazifiki gramu 10. Sura ya mtihani inayoitwa usawa wa vitu ilikuwa imeshafundishwa kabla sijafungua kitabu.

Kuna wanaosema stendi ya plastiki angavu ni nzuri zaidi kwa sababu haionekani, ndege inaonekana kama inaelea. Naheshimu macho yao, ila sikubaliani nao. Kwenye meza yetu kimo ni habari na kinatakiwa kionekane. Tumevisha spoki shanga za rangi, moja kila sentimita 4, yaani kila mita 200, zikashikiliwa kwa tone la gundi. Mchezaji anahesabu shanga kutoka mbali bila kugusa kitu. Kanuni zetu zinazitumia moja kwa moja: ukishuka, unaona makombora yanapotua kwa uhakika zaidi lakini mizinga ya Königsberg inakupata kirahisi zaidi. Ukipanda unapona, na masahihisho yako yanakuwa na makosa makubwa. Kila zamu mwanafunzi anachagua shanga yake, na anajua anachohatarisha.

Tumetundika na kanga katikati ya chumba. Wanaopiga mizinga ya Severn na Mersey wanakaa nyuma yake na hawaoni delta. Mwenye ndege ndiye anayeona, naye anawaandikia karatasi fupi: mbele, nyuma, kulia, kushoto. Wazo la pazia nimelichukua Liverpool. Mwaka 1942 jeshi la majini la Uingereza lilianzisha pale kikosi cha mafunzo kilichoongozwa na Gilbert Roberts, na wengi wa waliokiendesha walikuwa wasichana wa kikosi cha wanawake cha jeshi hilo. Walichora bahari kwa chaki sakafuni, wakaweka meli ndogo za mfano, wakawakalisha makamanda nyuma ya mapazia yenye vitundu ili waone kile tu ambacho wangekiona baharini. Kwa vifaa hivyo walifundisha maofisa kwa maelfu jinsi ya kupambana na nyambizi za Wajerumani. Chaki, sakafu na kitambaa. Wasichana wangu wa kidato cha tatu nimewasimulia habari hii mara nyingi, na nitazidi kuwasimulia.

Hata mchezo huu wenyewe ulianza nyumbani. H. G. Wells alichapisha kanuni zake za Little Wars mwaka 1913, na viwanja vyake vya vita vilikuwa vipande vya mbao na askari wa kuchezea watoto sakafuni. Donald Featherstone alipoandika kitabu kizima kuhusu michezo ya vita vya angani mwaka 1966, tatizo la kwanza la mchezaji lilikuwa hili hili letu: ndege isimame vipi hewani. Biashara kubwa ya vifaa ilikuja baadaye. Siipingi, mwenye uwezo na anunue ndege nzuri zilizochorwa vizuri. Lakini mwalimu asisubiri.

Pingamizi linalonigusa zaidi linatoka kwa wazee. Mmoja aliniambia, "Mwanangu, vita si kitu cha kuchezea watoto." Nilimpa shikamoo nyingine kwa heshima ya neno lake, kisha nikamkaribisha aone. Kwenye ramani yetu kuna njia ya nchi kavu inayotoka delta kwenda Dar es Salaam. Vipande vya mitambo ya mvuke ya Königsberg vilipoharibika vilikokotwa kwa njia hiyo na watu wetu, kwenda kutengenezwa na kurudi. Baada ya meli kulipuliwa, mizinga yake ilitolewa mtoni na kukokotwa kwa nguvu za watu wetu tena, ikapigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, hadi leo. Katika mchezo wetu mchezaji Mjerumani hawezi kusogeza kitu bila wapagazi, na kila anapowasogeza anapaswa kuwalisha, na wasipolishwa wanakufa na idadi inaandikwa ubaoni. Wanafunzi hukaa kimya mbele ya ubao ule. Vitabu vya vita hivi vinawataja Cull, Arnold na Looff kwa majina. Wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu katika vita vya Afrika Mashariki hawana majina humo, na sioni njia bora ya kumwonyesha mtoto wa Rufiji pengo hilo kuliko kumpa kazi ya kuwalisha.

Wengine, hasa vijana, wananiambia siku hizi kuna mashine za kuchapa vitu vya plastiki, na stendi kumi zitatoka kwa usiku mmoja. Kama mashine ipo shuleni kwenu, itumieni kwa ndege na meli. Stendi muwaachie wanafunzi. Mtoto aliyekaza spoki, akamwagilia saruji yake na kuhesabu shanga zake hahitaji kuelezwa mita 1,000 ni nini. Akikosea kipimo, ndege yake itaona meli ambayo haikupaswa kuonekana, na wenzake watamwambia hapo hapo.

Mwalimu anayetaka kuanza asianze na delta nzima. Aanze na stendi moja, kilima kimoja cha karatasi, vitu viwili pande zake na uzi. Kipindi kimoja kinatosha. Wenye vibanda vya baiskeli na redio nawaomba jambo dogo: spoki zilizopinda, gololi zilizochakaa na antena zilizokatika msizitupe wala msiziuze kwa kilo kwenye vyuma chakavu. Wekeni ndoo pembeni, mwalimu wa shule ya jirani atapita.